Kwa nini plau ya kukwangua theluji inachelewa mtaani kwenu, na ikifika inakuzibia njia

Dada mmoja kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Naishi kwenye kamtaa kadogo kasikotokea upande wa pili. Theluji ilianza Jumapili usiku, plau imekuja Jumanne usiku. Barabara kubwa ya hapo mbele ilikuwa nyeusi tangu Jumatatu asubuhi, na nimeona kwa macho yangu plau inapita kwenye kona yetu bledi, lile koleo la mbele, iko juu, haigusi chochote. Nimesafisha njia ya gari kwa beleshi mara mbili, plau ilipokuja ikaniwekea mlangoni tuta gumu la theluji linafika magotini. Mama yangu anatembea kwa kushikilia fremu ya kutembelea, anaenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu hakwenda. Simu za mji nimepiga mpaka nimechoka. Jirani anasema ni kwa sababu huku tunakaa watu wa hali ya chini. Ni kweli? Na nimlalamikie nani?"

Dada yangu, pole sana, na mama mpe pole yake. Nimeendesha tipa la plau misimu mingi halafu wakanihamishia ofisini kupanga ruti, kwa hiyo hiyo simu unayopiga nimekaa upande wake wa pili, najua inavyopokelewa na najua inavyopotea. Nitakujibu yote, ila mengine hayatakufurahisha.

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba zamu ya mtaa wako haikuamuliwa Jumapili ile, iliamuliwa zamani, pengine miaka kadhaa nyuma, kwenye orodha. Karibu kila mji wenye baridi kali una orodha inayopanga barabara kwa madaraja, yaani ipi ianze na ipi ifuate. Daraja la kwanza ni barabara kuu, za kwenda hospitali, za zimamoto na zile zinazopita mabasi. La pili ni barabara za kuunganisha mitaa, mara nyingi na za shule zimo humo. La tatu mitaa ya kukaa watu. Halafu mwisho kabisa ndo mnakuja nyie, vijia vya nyuma ya nyumba na mitaa isiyo na mtokeo. Sasa hapa ndo pana siri inayowaudhi watu bila kujua: saa ya daraja la tatu kwa kawaida haianzi kuhesabiwa theluji inapoanza kuanguka, inaanza inapoACHA kuanguka. Mji ukisema mitaa ya makazi itamalizwa ndani ya masaa 24 au 36 wanamaanisha toka dhoruba imekwisha. Kama kwenu ilianza Jumapili usiku ikaendelea kudondoka kidogo kidogo mpaka Jumatatu jioni, basi kwenye karatasi zao Jumanne usiku bado wako ndani ya muda. Wewe unahesabu siku mbili, wao wanahesabu moja na kitu. Na muda wote ambao theluji inaanguka plau zinarudi kule kule daraja la kwanza, zinapita tena na tena, manake ukiiacha barabara kuu masaa manne tu inajaa tena na magari yanaikandamiza inakuwa barafu. Kwa hiyo ile barabara nyeusi unayoiona hapo mbele pengine imepitiwa mara tano sita kabla yenu haijapitiwa hata mara moja. Ni uamuzi huo, na mi naona kwa sehemu kubwa ni sahihi, ambulansi ikikwama barabara kuu wanakwama wote.

Jambo lingine, kwenye mitaa ya makazi miji mingi haiahidi lami nyeusi hata siku moja. Wanaahidi "panapitika", yaani theluji iliyokandamizwa ambayo gari inaweza kupita taratibu. Wengi wanaolalamika kwamba kazi imefanywa ovyo kumbe imefanywa kwa kiwango kilichoandikwa, kiwango chenyewe ndo kiko chini.

Mtaa usio na mtokeo nao una shida yake yenyewe, nikueleze maana niliishi nayo. Tipa kubwa lenye bledi mbele na chumvi nyuma halina pa kugeukia huko ndani, na hata likigeuka theluji itawekwa wapi, mbele kuna nyumba, kulia kuna nyumba, kushoto kuna nyumba. Kwa hiyo mitaa ya hivyo inasubiri gari dogo la plau au kijiko, na hizo mashine kwa eneo zima zinaweza kuwa mbili tatu tu. Kuna usiku nilitumwa na tipa kwenye mtaa kama wenu kwa sababu gari dogo limeharibika, nikarudi kinyumenyume kati ya magari yaliyopakiwa pande zote mbili, saa kumi usiku, kioo kimejaa ukungu, na kuna gari moja mkia umetokeza barabarani. Sikupita. Nikaondoka nikaandika kwamba hapapitiki, na kwenye mfumo mtaa ule ukahesabika kwamba umefikiwa. Watu wa pale walikaa siku mbili zaidi bila kujua sababu, na mpaka leo inaniuma kwamba hakuna aliyewagongea mlango kuwaambia ni lile gari moja tu. Kwa hiyo dada ukipiga simu usiulize "mmekuja au hamjaja", uliza "rekodi ya mtaa wetu inasema imefanyika, bado, au haikupitika?" Majibu hayo matatu yanakupeleka njia tatu tofauti kabisa.

Na magari ya kupaki ni nusu ya matatizo yote ya kazi hii, nasema bila kumung'unya. Ndo maana Minneapolis kule Marekani wakitangaza dharura ya theluji wanaigawa siku tatu: siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku hupaki kwenye ruti kubwa za dharura pande zote, siku ya pili kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku hupaki upande wa namba shufwa za mitaa mingine, siku ya tatu upande wa namba witiri, na asiyesikia gari linavutwa. Montreal kule Kanada wao wanapiga king'ora mtaani kabla ya mashine ya kubeba theluji kufika, gari lako likiwa bado pale linasogezwa. Inaonekana ukali lakini mtaa ambao magari yote yametoka unasafishwa mara moja mpaka kwenye ukingo wa lami, na ule wenye magari unapata kamstari kamoja katikati kanakozidi kuwa kembamba kila dhoruba, mpaka Februari gari mbili hazipishani.

Sasa ile plau iliyopita bledi juu. Hii najua inavyochoma roho, nimeshatupiwa mabonge ya theluji kwenye kioo kwa sababu hiyo. Mara nyingi dereva anarudi kituoni kupakia chumvi au mafuta, au yuko njiani kwenda ruti yake ambayo sio hapo, au barabara anayopita sio ya mji, ni ya jimbo au ya serikali kuu na ina watu wake. Wakati mwingine barabara imeshakwanguliwa na yeye anamwaga chumvi tu, akishusha bledi ataikwangua ile ile chumvi aliyomwaga au aliyomwaga mwenzake. Na dereva haruhusiwi kukata kona kuingia mtaa usio wa ruti yake kwa huruma, hata kama unampungia mkono, kwa sababu kule alikopangiwa kuna mtu mwingine anasubiri, na akigonga kitu kwenye mtaa usio wake ni kazi yake inayoondoka. Wapo wavivu? Wapo, kama kila kazi. Ila hilo moja uliloliona kwenye kona halitoshi kumhukumu.

Chumvi nayo ina mpaka wake. Watu wanasema "wamwage chumvi zaidi" kana kwamba chumvi ni moto. Kitabuni maji ya chumvi yaliyokolea vizuri, karibu asilimia 23, hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, lakini barabarani mambo ni tofauti, baridi ikishapita kama nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inafanya kazi polepole mno, unamwaga na inakaa tu juu ya barafu. Hapo miji inachanganya na kemikali nyingine kama kalisi kloridi au inamwaga mchanga wa kushika tairi tu. Na ile chumvi haipotei, inaingia mitoni na kwenye visima na hakuna njia rahisi ya kuitoa tena. Kwa hiyo siku ya baridi kali ukiona hawamwagi usidhani wanabana pesa.

Tuta la mlangoni. Hili ndo lalamiko namba moja duniani kote kwenye theluji na nakubaliana na wewe kwamba linaumiza, hasa mtu umetoka kuhenya saa nzima halafu kwa sekunde tatu kazi yote imezikwa, na ile theluji ya plau sio laini kama iliyoanguka, imebeba chumvi na mabonge ya barafu, nzito kama saruji mbichi. Kwa nini dereva hainui bledi mbele ya kila njia? Kwa sababu bledi inasukuma mzigo pembeni mfululizo, akiinua mbele yako ule mzigo wote unabaki katikati ya barabara, na mtaa mmoja una njia za magari ishirini thelathini. Lakini kuna ufundi, na huu ningependa kila mtu aufahamu. Kwenye nchi zinazoendesha upande wa kulia, simama mlangoni uitazame barabara: plau itatokea kushoto kwako kwenda kulia. Kwa hiyo theluji yote unayoitoa weka upande wa KULIA wa njia yako, usiweke kushoto hata chembe. Halafu kama una nguvu, fungua kamfuko, yaani kasehemu katupu kasiko na theluji, pembeni ya barabara upande wa kushoto, kabla ya kufika kwenye njia yako, urefu wa hatua tatu nne hivi. Plau ikija inamwaga mzigo wake kwenye kale kamfuko, ikifika mbele yako mzigo wa bledi umeshapungua, inakuachia kidogo tu. Haiondoi kabisa, ila tuta la magotini linakuwa la kifundo cha mguu. Nchi zinazoendesha kushoto geuza kila kitu. Na kitu kingine, ile mita ya mwisho inayogusa barabara usiimalize mpaka plau ipite, fungua ya kupita mtu tu, manake hiyo ndo mita itakayozikwa. Kumbuka pia kusukuma theluji yako katikati ya barabara ni kosa miji mingi, na ndo inayogeuka kuwa mabonge ya kumzibia jirani.

Lakini pia mji unaweza kufanya zaidi, usikubali kuambiwa haiwezekani. Toronto kuna maeneo mji wenyewe unapitisha mashine ya pili kufungua hayo matuta. Na miji kadhaa ina mpango wa kuwasaidia wazee na wenye ulemavu, unajiandikisha kabla ya msimu. Uliza kama kwenu upo kwa sababu mama yako ndo mtu ambaye mipango hiyo imeandikiwa.

Tuje kwa neno la jirani yako, kwamba ni ubaguzi. Hapa siwezi kukujibu kwa kukutuliza tu kwa sababu historia yenyewe haitulizi. Februari 1969 New York ilipata theluji kama sentimita 38, watu 42 walikufa na karibu nusu yao walikuwa Queens, sehemu ya pembeni ya mji huo, na mitaa mingi ya Queens ilikaa siku kadhaa bila kuguswa wakati Manhattan, katikati ya mji, inapitika. Meya John Lindsay alipokwenda huko kuwaona watu alizomewa. Chicago, Januari 1979, ikaanguka karibu nusu mita juu ya theluji iliyokuwepo, na katika kuhangaika kuokoa ratiba treni za mji zikawa zinapita bila kusimama kwenye stesheni za mitaa ya watu weusi. Watu wakasimama kwenye baridi wanatazama treni zinawapita. Mwezi uliofuata Meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne kwenye uchaguzi wa ndani ya chama, na hao waliorukwa walichangia sana kumwangusha. Denver nako, dhoruba ya mkesha wa Krismasi 1982 mitaa haikusafishwa vizuri, na meya wa muda mrefu William McNichols mwaka uliofuata akaangushwa kwenye uchaguzi. Kwa hiyo hasira ya jirani yako sio ya kuzusha.

Ila kuna upande wa pili. Desemba 2010 New York ikafunikwa tena, kama sentimita 50, mabasi na ambulansi mamia yamekwama, na uvumi ukaenea kwamba wafanyakazi wa plau wamegoma kichinichini makusudi. Uchunguzi ukafanyika na haukupata ushahidi wa mgomo uliopangwa. Yaliyoonekana ni mambo ya kawaida kabisa: mji haukutangaza dharura mapema, magari ya watu yakabaki barabarani, plau zikakwama nyuma ya magari hayo, na waliokuwa ofisini hawakujua plau zao ziko wapi. Baadaye wakafunga vifaa vya kufuatilia kwenye malori na wakaweka ramani ambayo mwananchi anaona mtaa wake umepitiwa lini.

Hiyo ramani ndo itakayokujibu wewe na jirani yako. Ubaguzi kwenye theluji mara chache ni mtu anayesema "wale tuwaache". Unakaa ndani ya orodha. Barabara inapewa daraja kwa wingi wa magari, mtaa wa watu wasio na magari wanaopanda basi na kutembea unaonekana hauna kitu, unashushwa. Hakuna aliyekusudia na matokeo ni yale yale. Kama mji wenu una ramani ya plau, kwa dhoruba tatu mfululizo andika saa theluji ilipokoma na saa plau ilipofika kwenu, halafu andika hivyo hivyo kwa mtaa mwingine usio na mtokeo upande wa wenye nacho. Kama wote mnapitiwa masaa yale yale, jirani yako kakosea. Kama wao wanatangulia kila mara, una kitu mkononi ambacho diwani hawezi kukipuuza.

Na hapa nitasema la moyoni mwangu. Miaka yote ile tulikuwa tunasifiwa kwa lami nyeusi huku njia za waenda kwa miguu ziko chini ya tuta tulilolisukuma sisi. Miji mingi ya Marekani inasema njia ya mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba, sawa, lakini nani mwenye kona? Nani mwenye kituo cha basi? Pale pembeni pa kuvukia tunapolundika sisi mlima wa theluji, mama mwenye fremu anapita wapi? Mji wa Karlskoga kule Sweden waliitazama ratiba yao wakagundua imepangwa kwa ajili ya wenye magari wanaokwenda kazini, wengi wao wanaume, wakati waliokuwa wanatembea na kupeleka watoto shule za awali wengi ni wanawake, wakageuza, njia za miguu na za baiskeli na zinazozunguka shule za watoto zikaanza kusafishwa mapema. Hoja yao ilikuwa nyepesi, gari linaweza kupita kwenye theluji ya vidole vitatu, kigari cha mtoto hakiwezi. Stockholm wakajaribu mtindo huo, Novemba 2016 theluji kubwa ikawaelemea na lawama nyingi zikaangukia mpango huo. Mimi bado naona Karlskoga walikuwa sahihi, na kama ningerudi kwenye ile meza ya kupanga ruti ningeanza na vituo vya basi na kona.

Kwa hiyo nani wa kumlalamikia. Dereva hapana, hana mamlaka yoyote na kumfokea kunamchelewesha mtu anayefuata. Namba ya huduma ya mji ni ya makosa ya KAZI: mtaa umerukwa na muda wao umepita, bledi imevunja sanduku la barua, kona imezibwa. Sema anwani, sema saa theluji ilipokoma, sema hicho kitu kimoja tu, chukua namba ya taarifa. Taarifa isemayo "mtaa wetu umetelekezwa jamani" inakaa kwenye foleni, isemayo "bomba la zimamoto mbele ya nyumba namba fulani limefunikwa na plau" inafanyiwa kazi kabla ya chakula cha mchana, nimeona hilo mara nyingi mno. Makosa ya ORODHA, yaani daraja la mtaa wenu, hayarekebishwi na namba hiyo hata upige mara mia, hayo ni ya diwani na idara ya barabara, na yanaombwa kiangazi au mwanzo wa vuli kabla ruti na mikataba ya makandarasi haijafungwa. Ukienda Januari utasikilizwa vizuri na hakitabadilika kitu. Nenda na majirani, nenda na yale masaa mliyoandika, omba kitu kimoja: gari dogo la plau lipangiwe mitaa isiyo na mtokeo kama ruti kamili, sio kama kiporo cha mwisho wa shifti.

Mama sasa, na hili usisubiri kiangazi. Utabiri ukisema dhoruba inakuja piga kituo anachosafishiwa damu siku moja au mbili kabla, vituo hivyo vina uzoefu wa kusogeza watu mbele ya dhoruba, na muulize daktari wake lishe gani afuate na maji kiasi gani anywe endapo kipindi kimoja kitakosekana, andika ubandike jikoni. Piga pia idara ya barabara wakati hali ni shwari useme kuna mgonjwa wa kusafishwa damu anwani fulani, siku fulani, uombe iwekwe kwenye rekodi ya ruti. Sisi tulikuwa nazo nyumba kama hizo na dereva alikuwa anazijua. Na ikiwa ni dharura ya kweli usipige namba ya plau, piga ya ambulansi, wao ndo wanaweza kuita plau itangulie mbele yao. Zungumza na majirani wawili usiku wa dhoruba magari yatolewe kwenye mdomo wa mtaa, hata kama ni kuyapanga yote kwenye njia ya nyumba moja.

Ukishapata jibu mtaa wenu uko daraja gani na rekodi ya Jumanne inasema nini, niandikie hapa hapa, tutaiandika barua ya diwani pamoja.